Kisangani: historia ya kamera inayoruka, motere zake, na watu walio chini

KISANGANI, Tshopo. – Mlio unaotoka angani una kumbukumbu zake katika mji huu. Wazee waliokuwa watoto wakati mji ukiitwa Stanleyville wanajua habari za asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964, pale ndege za C-130 za Marekani zilipomwaga askari wa miavuli wa Ubelgiji kwenye uwanja wa ndege. Waliozaliwa baadaye wanajua siku sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji na makombora zaidi ya 6,000 yakaanguka juu ya nyumba, shule, makanisa na soko. Kwa watu hao, sikio hufanya kazi kabla ya jicho: mlio ukisikika, kwanza watoto huitwa ndani, kisha ndipo mtu anauliza ni nini.

Siku hizi mlio huo umepata jina jipya: droni. Familia zilizokimbia vita vya mashariki zinalijua neno hilo kwa maana ya bomu au ya upelelezi. Tarehe 17 Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa, na jeshi la Kongo likasema ilikuwa kazi ya droni. Kwa hiyo kijana wa Kisangani anapofika kwenye harusi, kwenye mechi ya mpira au kwenye maporomoko ya Wagenya akiwa na kimashine cha kupiga picha kinachoruka, swali la watu huwa moja: hii ni ya nani, na imekuja kutafuta nini hapa?

Swali hilo ni la haki. Jibu lake linapatikana katika namna mashine yenyewe inavyoundwa. Maana iko aina moja ya droni ndogo iliyobuniwa kwa ajili ya kukaribia watu bila kuwakata. Ina propela nne, kila moja ikizunguka ndani ya pete ya plastiki au ya povu gumu. Rubani huvaa miwani yenye video na kuona moja kwa moja kile kamera inachoona, kana kwamba amekaa mbele ya mashine. Mafundi huiita sinewupu. Hapa tuiite droni ya pete. Historia yake ni ya safari ndefu ya kamera kutoka mbali kuja karibu, na sehemu ya safari hiyo imepita Tshopo.

KAMERA ILIPOKUWA MZIGO WA MASHUA NNE

Chombo cha kuruka kilifika Kisangani mapema kuliko miji mingi ya Afrika. Mwaka 1920 Wabelgiji walianzisha huduma ya ndege za majini iliyopewa jina la Mfalme Albert. Ndege hizo za Lévy-Lepen ziliondoka Kinshasa na kutua juu ya maji ya Mto Kongo. Mwaka uliofuata njia ilifika Stanleyville. Mwaka 1922 huduma ikafungwa, lakini ilikuwa imeonyesha kwamba mto unaweza kuwa barabara ya angani.

Kamera za sinema zilifuata njia ya chini. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alikuja kupiga filamu The African Queen. Sehemu yake ya Kongo ilipigwa karibu na Biondo, kwenye mto Ruiki, kusini mwa mji, upande wa reli ya kwenda Ponthierville, yaani Ubundu ya leo. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn waliigiza ndani ya boti ndogo ya mvuke, lakini boti hiyo haikuweza kubeba kamera ya rangi ya Technicolor, ambayo kwa zama hizo ilipitisha mikanda mitatu ya filamu kwa wakati mmoja. Ikabidi yaundwe majahazi: moja likiwa na mfano wa boti yenyewe, jingine la kamera na taa, jingine la jenereta. Msafara mzima ulivutwa polepole kwenye mto mwembamba chini ya miti. Ili kamera isogee mita chache mbele ya uso wa mtu, ilihitajika flotila.

Mwaka 1958 Stanleyville ilipokea tena watu wa sinema. Fred Zinnemann alipiga hapa sehemu za The Nun's Story, filamu iliyotoka 1959 na kumwonyesha Audrey Hepburn kama mtawa muuguzi. Kamera ilikuwa ya wageni, nzito, na hadithi ilikuwa ya wageni. Wakaaji wa mji walionekana nyuma, kama miti inavyoonekana nyuma ya nyumba.

Ilichukua nusu karne kwa mtoto wa mji kugeuza mambo. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani wa mwaka 1984, hushika kamera mwenyewe. Mwaka 2014 alitoa filamu kuhusu wanafunzi wa mji huu wanaotafuta diploma ya taifa. Mwaka 2017 alimfuata afisa wa polisi, Mama Kanali Honorine Munyole, aliyehamishwa kutoka Bukavu kuja Kisangani kulinda wanawake na watoto. Mwaka 2020 akatoa filamu ya wahanga wa vita vya siku sita, wengi wao wakitembea kwa magongo, waliopanda boti kushuka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Filamu hiyo iliingia katika uteuzi wa tamasha la Cannes mwaka huo. Miaka miwili baadaye, tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, na Kisangani ilikuwemo katika kesi hiyo.

Kilichowezesha kazi ya Hamadi ni udogo wa kamera na subira ya mwenye kuishika. Ndani ya boti iliyojaa watu, mvua ikipiga turubai, hakuna nafasi ya jahazi la taa. Kamera ilikaa karibu kwa sababu watu walimkubali aliyeishika. Jambo hilo la kukubaliwa tutalirudia mwishoni.

DRONI ZA KWANZA KONGO ZILIKUWA ZA MBALI

Wakati kamera ya mkononi inakaribia watu, droni zilizofika nchini zilikuwa zinakaa mbali nao. Mwaka 2006 kikosi cha Umoja wa Ulaya kilicholinda uchaguzi kilileta Kinshasa droni za Ubelgiji aina ya B-Hunter. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo moja ilianguka mjini na kumuua mwanamke. Tarehe 3 Desemba 2013, Goma, Umoja wa Mataifa ulizindua droni zake za kwanza za uchunguzi zisizo na silaha, aina ya Falco kutoka Italia, kwa ajili ya MONUSCO. Hizi zote zilikuwa ndege kamili zenye mabawa na injini ya mafuta. Mtu wa chini hakujua nani anamtazama.

Baadaye zilikuja droni za kazi ya afya. Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege za Zipline mnamo Oktoba 2016. Malawi ilifungua njia ya majaribio ya droni za kibinadamu huko Kasungu mwaka 2017, pamoja na UNICEF. Kongo nayo, katika jimbo la Équateur, ilifanya majaribio ya kupeleka chanjo vijijini kwa droni za kampuni ya Swoop Aero ya Australia mwaka 2019. Hizo zilionyesha kwamba chombo kile kile kinaweza kuleta uzima. Lakini nazo hupita juu. Hushusha mzigo na kurudi. Hakuna iliyoundwa ili iingie mlangoni, ipite kati ya watu wanaocheza ngoma, na kutoka dirishani.

PETE ILITOKA MAJINI

Wazo la kuzungushia propela pete halikuanzia kwenye droni. Katika miaka ya 1930 mhandisi Mjerumani Ludwig Kort alitengeneza pete ya chuma inayofunika propela ya boti. Leo boti nyingi za kusukuma na kuvuta mizigo duniani, zile zinazofanya kazi nzito kwa mwendo mdogo, hutumia pete ya aina hiyo. Faida yake huonekana boti inapokuwa na mzigo mkubwa na mwendo mdogo: pete hukusanya maji, huyaelekeza, na propela hupata nguvu zaidi. Boti ikienda kasi, pete hiyo hiyo hugeuka kuwa mzigo unaovuta nyuma.

Angani, Mwitaliano Luigi Stipa alijaribu jambo hilo hilo mwaka 1932. Ndege yake ilifanana na pipa lenye mabawa, propela ikiwa ndani ya pipa. Iliruka, lakini ilikuwa nzito dhidi ya upepo na haikuwa na kasi.

Sheria hiyo ya maji na ya hewa ndiyo inayotawala droni ya pete hadi leo. Kwenye karatasi, propela iliyo ndani ya pete nzuri, ikiwa imesimama mahali pamoja, inaweza kutoa msukumo zaidi kwa karibu robo kuliko propela tupu ya ukubwa ule ule inayotumia nguvu ile ile. Ila hesabu hiyo inadai pete yenye mdomo wa mviringo na nafasi ndogo sana kati ya ncha ya propela na ukuta. Pete za droni ndogo huwa nyembamba na nafasi ni kubwa, kwa hiyo faida karibu yote humezwa na uzito wa pete yenyewe. Na droni ikienda mbele, pete nne hukamata upepo kama matanga.

Basi kwa nini ziwekwe? Kwa sababu ya vidole, macho na nguo za watu. Propela inayozunguka mara maelfu kwa dakika hukata. Ikiwa ndani ya pete, droni ikigusa ukuta inadunda. Ikigusa bega la mtu inasukuma. Pete ni malipo ambayo mashine inalipa ili iruhusiwe kukaribia. Na mlipaji wa kwanza ni motere.

MOTERE KUTOKA MASHINE ZA CD

Motere ya droni ndogo ni ya umeme, haina brashi. Ndani yake kuna nyaya zilizofungwa kwenye kiini kisichozunguka. Nje kuna kengele yenye sumaku, na hiyo kengele ndiyo inayozunguka pamoja na propela. Umbo hilo lilienea kwa watengenezaji wa ndege za kuchezea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko Ujerumani mafundi watatu, Lucas, Retzbach na Kühfuss, walitoa mfano wa motere kubwa kiasi uliopewa herufi za majina yao, LRK. Wengine walifungua mashine za CD zilizokufa, wakatoa vimotere vyake, wakabadili nyaya na sumaku, wakapata nguvu ya kurusha ndege ndogo. Fundi yeyote wa redio wa Kisangani anaielewa kazi hiyo: kitu kilichotupwa na mmoja ni akiba ya vipuri ya mwingine.

Kilichobaki ni akili ya kusimamisha mashine hewani. Mnamo 2010 Mfaransa Alexandre Dubus alitumia vihisi vya kifaa cha mchezo wa Wii kuunda programu ya MultiWii. Kutoka ukoo wa programu hiyo zilizaliwa nyingine hadi Betaflight, ambayo marubani wengi wa droni za kujiundia wanaitumia leo bila kulipa. Mwaka 2014 video ya mbio za droni kati ya miti huko Argonay, Ufaransa, ilizunguka dunia na kuwafanya vijana wengi watake kuruka kwa miwani. Mwaka 2016 Mmarekani Jesse Perkins aliweka kamera ndogo kwenye droni ya kuchezea yenye pete, inayoweza kukaa kiganjani, na kuiita Tiny Whoop. Ilipita chini ya viti na kati ya miguu ya watu bila kuumiza.

Lakini picha yake ilikuwa hafifu. Mafundi wakajiuliza: je, tukikuza pete na motere hadi zibebe kamera ya GoPro? Kufikia 2018 jibu lilikuwa limepatikana, na mwaka huo huo GoPro ilitoa kamera yenye uwezo wa kutuliza mtikisiko wa picha. Machi 2021 rubani Jay Christensen, katika mji wa Minneapolis, aliingiza droni ya pete ndani ya ukumbi wa mchezo wa bowling, akapita kati ya wachezaji, nyuma ya mashine na juu ya meza, kwa mruko mmoja usiokatwa. Mamilioni ya watu waliona kwamba kile kilichohitaji flotila mwaka 1951 sasa kinabebwa na chombo kinachoingia kwenye mfuko wa shule.

KUCHAGUA MOTERE: HESABU YA MTU WA KISANGANI

Mtu anayetaka kuunda droni ya pete huanza na uzito. Chukua droni ya propela za inchi 3: fremu na pete zake, motere nne, ubao wa umeme, batri na kamera. Yote kwa pamoja inafika gramu 400 hivi. Ili isimame hewani, kila motere lazima iinue gramu 100. Ila kusimama hakutoshi; upepo wa mtoni ukipiga pete, droni lazima iwe na akiba. Mafundi hupenda jumla ya msukumo iwe angalau mara tatu ya uzito. Hiyo ni gramu 300 kwa kila motere, bila kuipasha moto.

Propela ndogo hudai zaidi. Kwa uzito ule ule, droni ya propela za inchi 3 inahitaji nguvu karibu mara 1.7 ya ile ya inchi 5 ili tu isimame, kwa kuwa inasukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa. Ndiyo sababu droni ya pete hukaa hewani dakika chache tu, na motere zake hufanya kazi bila kupumzika.

Kila motere ina namba nne. Kwa mfano 1404: kiini chake kina upana wa milimita 14 na kimo cha milimita 4. Ile ya 1507 ina upana wa 15 na kimo cha 7. Ukipiga hesabu ya ujazo, ya pili ni karibu mara mbili ya kwanza. Motere ya 1404 ina uzito wa gramu 9 au 10, nayo inafaa droni nyepesi inayobeba kamera iliyovuliwa ganda lake. Ya 1507 ina gramu 14 au 15, nayo inabeba kamera kamili. Anayeweka 1404 chini ya mzigo mzito ataona picha nzuri kwa dakika moja, kisha motere zinakuwa moto, nguvu inapungua, na droni inakataa kupanda inapotakiwa kupanda.

Kuna pia umbo. Motere za 1408, 1507 na 2004 zina ujazo unaokaribiana sana, lakini 2004 ni pana na fupi. Motere pana ina mkono mrefu wa kuzungushia propela, na hupoa vizuri. Ile ndefu na nyembamba ni imara ikigongwa. Kwenye droni ya pete, ambayo hukaa polepole kwa muda mrefu bila upepo wa kuipoza, kupoa ni jambo kubwa, hasa katika joto na unyevu wa Kisangani.

Namba nyingine ni KV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti, motere ikiwa haina mzigo. Batri ya seli nne ina volti 14.8, motere ya KV 3800 ikipewa hizo hufika mizunguko kama 56,000. Batri ya seli sita ina volti 22.2, motere ya KV 2500 hufika karibu pale pale. Tofauti iko kwenye nyaya. Kwa nguvu ya wati 300, seli nne hutoa ampea 20, seli sita hutoa 13.5. Ampea zikipungua kwa theluthi, joto linalopotea ndani ya nyaya zile zile hupungua kwa zaidi ya nusu. Kosa la kawaida ni kuchanganya: motere ya KV kubwa kwenye batri ya seli sita. Hapo moshi hautachelewa.

Mahali pia pana neno lake. Kisangani iko kwenye kimo cha mita 400 hivi. Goma iko karibu na mita 1,500. Hewa ya Goma ni nyepesi kwa takribani sehemu moja ya kumi. Droni iliyopimwa vizuri hapa ikipelekwa kule itahitaji kuzungusha motere zaidi kwa mzigo ule ule. Anayefuata ushauri wa mtu wa mji mwingine bila kuuliza kimo cha mji huo anaweza kukosea.

Na batri lazima ijazwe. Umeme wa kituo cha maporomoko ya Tshopo haufiki kila nyumba wala kila saa, kwa hiyo wengi hutegemea jenereta au paneli za jua. Batri hizi za lithiamu zikichomwa na chaja mbovu, zikivimba au zikitobolewa, huwaka moto usiozimika kirahisi. Katika nyumba ya mbao, au katika kibanda cha turubai cha familia iliyohama, moto huo ni msiba. Batri hujazwa mtu akiwa macho, juu ya sakafu ya simenti au ndani ya chungu cha udongo, mbali na mahali watoto wanapolala.

MLIO NAO UNACHAGULIWA

Jambo moja husahauliwa na wanaonunua motere kwa kutazama nguvu tu. Mlio wa droni unatoka hasa kwenye propela. Propela ya mabawa matatu ikizunguka mara 30,000 kwa dakika hupiga hewa mara 1,500 kwa sekunde. Huo ni mlio mwembamba, mkali, ulio karibu na eneo ambalo sikio la mwanadamu linasikia vizuri kuliko yote. Pete hulinda ngozi, lakini mlio hutoka nje na hufika mbali kuliko droni yenyewe.

Anayejua hilo anaweza kuchagua tofauti: propela za inchi 3.5 badala ya 3, motere pana zenye KV ndogo, mzigo mwepesi. Droni itazunguka polepole zaidi, mlio utashuka na kuwa mzito kidogo, na batri itadumu. Atapoteza wepesi wa kugeuka, na fremu itakuwa pana kwenye mlango. Kwa mbio za droni huo ni uchaguzi mbaya. Kwa mji uliopigwa makombora mwaka 2000, na kwa watu waliokimbia, huo ni uchaguzi wa busara.

Watu hao wako karibu. Tangu Februari 2023 mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola, ng'ambo ya kushoto ya mto, umechoma nyumba na kuvusha maelfu ya familia. Ukumbi wa michezo unaweza kuikaribisha droni kama burudani. Mahali wanapolala wakimbizi wa ndani, mtoto akisikia mlio huo hatauliza kama motere ni ya 1404 au 2004. Atakimbia, na mama yake atakimbia nyuma yake.

PETE ISIYO YA PLASTIKI

Ndiyo maana historia hii inarudi kwenye kukubaliwa. Nchini Kongo, kurusha droni kunahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga na ya wakuu wa usalama. Wakati wa vita idhini hiyo si karatasi tu. Asiyekuwa nayo anaweza kukamatwa kama mpelelezi, au askari wakafyatua risasi kuelekea angani na risasi ikarudi juu ya paa la mtu. Karibu na uwanja wa Bangoka, kambi za jeshi na bandari, droni ya kujiundia haina kazi.

Baada ya wakuu wa serikali wako wakuu wa mtaa. Shefu wa mtaa akijua saa na mahali, anaweza kupitisha neno. Wazee, viongozi wa kambi na redio ya jirani wanaweza kusema mapema: leo saa tisa mtasikia mlio, ni kamera, inarushwa na mtoto wa fulani, haitapita juu ya nyumba zenu. Kabla ya kuruka, droni ionyeshwe ikiwa imezimwa, watoto waishike, waone pete na kamera. Mtu aliyeishika mkononi haiogopi sana ikiwa juu.

Na baada ya kuruka kuna picha. Droni ya pete huona kwa karibu: sura, namba ya hema, njia ya kwenda kisimani. Familia iliyokimbia ina haki ya kutotaka ijulikane inalala wapi. Picha moja ikisambazwa kwenye simu inaweza kumwonyesha aliyewakimbiza mahali walipo. Asiyetaka kuonekana afutwe, na asiyeulizwa asipigwe picha. Mwenye droni anayekubali sharti hilo atapoteza picha kadhaa nzuri, lakini atapata ruhusa ya kurudi siku nyingine.

Kisangani ina mengi yanayostahili kuonwa kwa namna hii: wavuvi Wagenya wakitembea juu ya miti yao kati ya maji yanayochemka, waendesha baiskeli za toleka wakijipanga alfajiri, boti zikishusha mihogo na mkaa bandarini. Kwa miaka 70 na zaidi picha za mji huu zimepigwa na watu waliokuja na majahazi ya vifaa, au na ndege za juu zisizojulikana zinamtazama nani. Sasa mashine inaweza kuundwa mezani, hapa hapa, na mtu anayewajua watu anaowapiga picha. Kinachobaki ni yeye achague motere zake na saa yake ya kuruka akiwa anawafikiria walio chini.